Kumlinda mzee kabla hayajamfika: mwongozo wa kamati ya kijiji na mtaa

Mzee hapigwi siku ya kwanza. Kwanza hutengwa. Wageni hupungua, simu yake hushikwa na mtu mwingine, hodi ikipigwa anajibu mwenye nyumba kwamba bibi amelala. Baada ya hapo ndipo hufuata kunyimwa chakula, kutukanwa, kuporwa hela, na shamba kuuzwa bila yeye kujua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 6 wenye miaka 60 na zaidi, mmoja hufanyiwa ukatili wa namna fulani ndani ya mwaka, akiwa katika jamii yake mwenyewe. Mtendaji mara nyingi ni mtu wa nyumbani. Ndiyo maana kusubiri malalamiko hakusaidii: mzee hawezi kumshtaki mwanawe mchana na kulala naye nyumba moja usiku.

Mwongozo huu ni wa kamati inayotaka kuanza kazi kabla ya malalamiko. Umeandikwa kwa kufuata mfumo wa vijiji vya Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, ambako mauaji ya wazee kwa tuhuma za uchawi yameacha majonzi mengi. Kwa Kenya, kazi za mtendaji wa kijiji zilizotajwa hapa zipelekeni kwa chifu au naibu wake.

Hatua ya 1: Andikeni orodha, kisha mchague wa kuanza nao

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Tanzania Bara hao ni kama watu watano hadi sita katika kila mia, kwa hiyo kijiji cha watu 3,000 kitakuwa na wazee kati ya 150 na 180. Hamtaweza kuwatembelea wote kila wiki, na kamati inayojaribu hufa mwezi wa pili.

Kila balozi au mwenyekiti wa kitongoji aandike wazee wa eneo lake. Kwa kila mzee jibuni maswali haya, kila "ndiyo" alama moja:

- Analala peke yake, au na wajukuu wadogo tu?
- Ni mjane, au hana mtoto anayeishi kijijini?
- Shamba au nyumba ina mgogoro, au kuna mtu anayeisubiri kwa pupa?
- Hawezi kwenda chooni au kisimani bila msaada?
- Haoni au hasikii vizuri, au ameanza kusahau?
- Hela zake zote hupitia mikononi mwa mtu mmoja?
- Mlezi wake ni mlevi, au ana ugonjwa wa akili usiotibiwa?
- Amewahi kutajwa kwa uchawi, hata kwa utani?

Mwenye alama tatu na zaidi aingie kundi la kwanza. Aliyetajwa kwa uchawi aingie moja kwa moja, hata kama ana alama hiyo moja tu. Orodha hii ni siri. Ikisomwa hadharani itamwonyesha mhalifu nani ana shamba lisilo na mlinzi. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine kwa katibu wa kamati, basi.

Msisahau wanaume. Babu aliyerudi kijijini bila akiba baada ya miaka mingi mjini, ambaye watoto hawakumzoea, hunyamaza kwa aibu kuliko bibi, na majirani humpita wakidhani anajiweza.

Hatua ya 2: Pateni watembeleaji wawili wawili

Jozi moja itunze wazee watano au sita, si zaidi. Katika kila jozi mmoja awe mwanamke, kwa sababu kuna mambo bibi hamwambii kijana wa kiume. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akiwepo, awe mmoja wao. Asiteuliwe mtu mwenye mpaka wa shamba na mzee huyo, mtu anayemdai, wala ndugu wa mlezi.

Kabla ya kuanza, kila mmoja aahidi mbele ya Baraza la Wazee mambo matatu: kutotangaza siri za nyumba ya mtu, kutokopa wala kuomba chochote kwa mzee, na kutoahidi msaada ambao haujapatikana. Ahadi ya tatu ndiyo huvunjwa zaidi. Mtembeleaji akiona taabu husema "tutakuletea godoro". Godoro lisipokuja, ziara ya tatu mlango hufungwa.

Ratiba: mzee anayelala peke yake atembelewe mara mbili kwa wiki, aliye kitandani mara moja kwa wiki hata kama familia ni nzuri, wengine wa kundi la kwanza kila baada ya wiki mbili. Badilisheni siku na saa. Nyumba inayojua mtakuja Jumamosi saa nne itamwogesha mzee Jumamosi saa tatu.

Hatua ya 3: Fanyeni ziara yenyewe

Pigeni hodi, toeni shikamoo, kaeni chini au kwenye kigoda mlingane naye. Anayeuliza akiwa amesimama mlangoni atajibiwa "hatujambo" na kuondoka na hiyo hiyo.

Katika kila ziara mmoja wenu azungumze na mlezi nje, mwingine abaki na mzee, walau kwa dakika kumi. Kazi yote iko hapa. Tafuteni sababu isiyozua vita: kumwomba mlezi aonyeshe maji yanapotekwa, au kumsindikiza mzee kivulini. Mlezi akikataa kata kata, mara mbili mfululizo, kumwacha mzee aongee na mtu bila yeye kuwepo, andikeni. Hiyo ni dalili nzito kuliko nguo chafu.

Msiulize "Je, unanyanyaswa?" Atasema hapana, kwa kumlinda mtoto wake au kwa kuogopa jioni itakavyokuwa. Ulizeni mambo ya siku:

"Bibi, jana usiku mlikula nini, na nani alikupakulia?"

"Hela ya mara ya mwisho iliingia lini? Iko wapi sasa?"

"Nani anafunga mlango usiku, na ufunguo unalala wapi?"

"Kuna karatasi yoyote uliyoweka kidole siku hizi?"

"Kuna mtu akiingia hapa moyo wako unashtuka?"

Wakati anajibu, macho yenu yafanye kazi. Maji ya kunywa yako mahali anapofika mkono? Midomo imekauka? Kucha ndefu, harufu ya mkojo wa siku nyingi, nguo zilezile za ziara iliyopita? Hesabuni vidonge: kama alipewa vya siku 30 na zimepita 20, vibaki 10. Vikibaki 25 hapewi dawa au hazikumbuki. Vikibaki viwili anapewa kupita kiasi.

Majeraha yana lugha yake. Mtu aliyeanguka huumia magoti, viwiko, nyonga, kiganja au paji la uso. Alama za vidole kwenye mikono yote miwili juu ya kiwiko, michubuko ya mduara kwenye vifundo vya mikono, au majeraha ya umri tofauti, jekundu jipya kando ya la manjano la zamani, hayo huelekea kwenye kukamatwa, kufungwa au kupigwa. Lakini ngozi ya mzee huvia damu kwa kuguswa tu, hasa akitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Alama moja haitoshi kumhukumu mtu. Andikeni mahali ilipo, ukubwa wake, rangi yake na maelezo mliyopewa, kisha linganisheni na ziara inayofuata.

Kwa asiyeinuka kitandani, ombeni kwa heshima kuona kiunoni kwa nyuma, nyonga na visigino. Ngozi iliyobaki nyekundu au nyeusi zaidi hata baada ya kuinuliwa ni mwanzo wa kidonda cha kulalia. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, shuka likunjuliwe lisiwe na mikunjo, na mto uwekwe chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Msisugue sehemu iliyobadilika rangi. Kusugua huchana ngozi iliyokwisha kudhoofika.

Hatua ya 4: Ziwekeni hela zake mahali panapoonekana

Hela ndogo ndiyo huanzisha ukatili mkubwa. Iwe ni ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kwa kaya zilizomo kwenye mpango, Pensheni Jamii ya Zanzibar iliyoanza Aprili 2016 kwa wenye miaka 70 na zaidi, Inua Jamii ya Kenya ya shilingi 2,000 kwa mwezi, au hela anazotuma mwana aliyeko Dar es Salaam au Muscat, mara nyingi njia ni moja: simu. Na mzee asiyeona vizuri humpa mjukuu simu pamoja na namba ya siri.

Anzeni kwa kuhakikisha laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya mzee mwenyewe na kitambulisho chake cha NIDA. Laini yenye jina la mjukuu ni mali ya mjukuu kisheria, na hata wakala mwaminifu hatakuwa na la kufanya. Kisha namba ya siri ibadilishwe mbele ya mzee na mtu mmoja anayemchagua.

Nunueni daftari la kurasa 48. Kila hela inapoingia au kutoka, andikeni tarehe, kiasi, salio lililobaki kama ujumbe wa simu unavyosema, na matumizi. Mzee aweke kidole, shahidi asaini. Mwenye namba ya siri asiwe ndiye mwenye daftari. Ujumbe wa simu usifutwe. Ndio ushahidi wa kwanza polisi watakaouomba.

Mtumaji aliye mbali naye aambiwe ukweli: kutuma hela bila kusikia sauti ya mzee ni kumtumia mlezi. Apige simu siku hiyo hiyo, aongee na mzee mwenyewe, ataje kiasi alichotuma.

Hatua ya 5: Fungeni mlango wa ardhi

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji kibali cha Halmashauri ya Kijiji. Kamati nyingi hazitumii nguvu hii. Kabla ya kupitisha uhamisho wowote wa ardhi ya mtu mwenye miaka 60 na zaidi, halmashauri ijiwekee utaratibu, iuandike kwenye muhtasari wa kikao: wajumbe wawili waongee na mzee bila mnunuzi wala mwanafamilia kuwepo; karatasi isomwe yote kwa sauti, kwa lugha anayoizungumza nyumbani; mzee aeleze kwa maneno yake mwenyewe anauza nini, kwa bei gani, na atalala wapi baadaye. Zipite siku saba kabla ya kidole gumba kuwekwa. Mnunuzi halali atavumilia siku saba. Tapeli huja na wino mfukoni na gari linalosubiri.

Shamba lisilo na Hati ya Hakimiliki ya Kimila liombewe hati mapema, na mke aandikwe pamoja na mume. Mjane ambaye jina lake halimo ndiye wa kwanza kuambiwa "rudi kwenu".

Wosia nao ufanywe angali ana nguvu. Kwa utaratibu wa sheria ya kimila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma na kuandika hushuhudiwa na watu wasiopungua wawili, na wa asiyejua na watu wanne, ndugu wa ukoo na wasio ndugu. Anayerithi asiwe shahidi. Akishuhudia, mmempa mpinzani silaha. Mwislamu ataheshimu thuluthi, yaani asiusie zaidi ya theluthi moja ya mali, na atamwita shehe au kadhi mapema. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, hupokea na kutunza wosia, na hapo ni salama kuliko chini ya godoro.

Kenya, mwenye maslahi katika ardhi iliyosajiliwa anaweza kuomba msajili wa ardhi aweke kizuizi, ili isiuzwe kimyakimya.

Hatua ya 6: Tuhuma za uchawi zina saa zake, nanyi muwe na saa zenu

Mlolongo haubadiliki sana. Mtoto anafariki, au ng'ombe wanakufa, au kijana wa familia anaugua muda mrefu. Familia inakwenda kwa mpiga ramli. Ramli chonganishi inatoa maelezo yanayomwangukia mtu fulani: jirani wa upande wa machweo, mwanamke mwenye macho mekundu. Maneno yanaanza kisimani. Watoto wanamkimbia. Kisha mawe juu ya bati usiku, mihogo iliyong'olewa, karatasi ya vitisho mlangoni. Mwisho ni panga. Angalieni pia nani atapata shamba huyo akiondoka, maana mara nyingi kilio cha mtoto hutumiwa na mtu ambaye hakuwahi kulia.

Macho mekundu yana sababu yake. Katika tambarare za Usukuma kuni ni haba. Akina mama wamepikia mabua na mavi ya ng'ombe yaliyokauka kwa miaka arobaini, hamsini, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi huo ndio umewaka machoni mwao. Wengine wana trakoma, kope zimegeukia ndani zinakwaruza jicho. Kumtibu macho bibi kijijini ni ulinzi wa maisha yake, na tutarudi hapo kwenye hatua inayofuata.

Jina la mzee likitajwa, msingoje kikao cha mwezi. Ndani ya saa 24 fanyeni haya:

1. Watu wawili waende kwake mchana kweupe, waonekane wakikaa barazani. Kijiji kione kwamba ana watu.
2. Asilale peke yake usiku huo wala siku 14 zinazofuata. Mlango uwe na komeo la ndani, na apewe filimbi au simu yenye salio na namba tatu zilizohifadhiwa.
3. Mtendaji apewe taarifa kwa maandishi, nakala kwa polisi kata. Taarifa ya mdomo huyeyuka.
4. Mganga wa zahanati au mhudumu wa afya, kwa ruhusa ya wafiwa, aende msibani kueleza kilichomuua marehemu kwa kadiri inavyojulikana: malaria kali, upungufu wa damu, shinikizo la damu. Aende na upole; familia inataka jibu, na palipo na jibu la kweli mpiga ramli hupungukiwa soko.
5. Mwenyekiti aitishe mkutano, bila kumtaja mzee, asome kwamba Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamfanya anayemtaja mtu kuwa mchawi kuwa mkosaji. Waganga wa tiba asili wanapaswa kusajiliwa; asiyesajiliwa aripotiwe.
6. Sungusungu wapewe maelekezo ya maandishi: kazi yao ni kulinda njia ya nyumba hiyo, si kuhoji mzee. Jeshi hili la jadi lilianza Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 kukabili wezi wa ng'ombe, na katika baadhi ya sehemu liligeuka likawasaka wazee. Msiliache bila msimamizi.

Kosa linalofanywa na watu wenye nia njema ni kumhamisha mzee haraka na kushukuru Mungu kwamba amepona. Amepona, ndiyo, lakini aliyemtaja amepata alichotaka. Kilifi, wazee waliotuhumiwa wamepata hifadhi Kaya Godoma huko Ganze. Uhai umesalimika, na mashamba yamebaki nyuma. Kama hakuna budi ahame, basi siku hiyo hiyo andikeni mipaka ya shamba, mazao yaliyomo, mifugo na vyombo, mbele ya mtendaji na majirani wa pande zote nne. Teueni mtu wa kulima kwa niaba yake, si ndugu wa aliyemtuhumu. Na andikeni tarehe ya kupima kama anaweza kurudi.

Msikubali kabisa "kumsafisha" mzee kwa kumnywesha dawa, kumnyoa au kumtoza ng'ombe ili yaishe. Akikubali, amekiri mbele ya kijiji, na msiba unaofuata ataandikiwa yeye.

Hatua ya 7: Mpeni mwili wenye nguvu ya kujitetea

Mzee anayeona, anayesimama mwenyewe na kwenda kwa jirani ni mgumu kutengwa. Hivyo afya ni sehemu ya ulinzi.

*Macho na jiko.* Toboeni dirisha juu, karibu na paa, upande ulio mkabala na mlango, upana wa sentimeta 30 kwa 30 au zaidi, moshi upate pa kutokea. Bora zaidi jiko lihamie nje chini ya kibanda. Maharage yalowekwe usiku kucha. Yataiva kwa kuni chache. Macho yasitiwe maji ya majani, mkojo wala maziwa ya mama: huleta maambukizi yanayoweza kulipofua jicho. Apelekwe zahanati. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi na lenzi mpya huwekwa. Kope zilizogeuka nazo husahihishwa. Ulizeni hospitali ya wilaya tarehe za kambi za macho, mwandikisheni mapema, na msindikizaji wake apatikane kabla ya siku.

*Miguu.* Mwekeni kwenye kiti kigumu kilichoegemea ukuta, mikono ikiwa imekunjwa kifuani, ainuke na kukaa mara tano bila kujishika. Akizidi sekunde 14, au akishindwa, yuko kwenye hatari ya kuanguka na anahitaji mazoezi. Kiti cha plastiki kisitumike, huteleza.

Mazoezi ni siku tatu kwa wiki, kwenye kundi, mahali penye kivuli: kuinuka na kukaa mara tano, apumzike, arudie; akizoea afike kumi. Kusimama akishika mti na kuinua visigino mara kumi. Kuweka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, sekunde kumi, mtu akiwa kando yake. Kisha kutembea taratibu, wakiongea. Wakati wa kuinuka apumue nje. Wengi huzuia pumzi na kupata kizunguzungu. Kifua kikibana, asimame hapo hapo na apelekwe kituo cha afya.

Wazee wengi huanguka usiku kwenye njia ya choo. Ondoeni mawe na kamba, fungeni kamba ngumu ya kushika kutoka mlangoni hadi chooni, wekeni taa ndogo ya sola. Akiamka akae ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama, hasa anayetumia dawa za presha. Kandambili zibadilishwe kwa viatu vyenye mkanda nyuma ya kisigino. Fimbo ikatwe kwa kipimo chake: asimame wima, mkono ukining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono. Ikiwa fupi itampinda mgongo. Ikiwa ndefu haibebi uzito.

*Chakula.* Uji mweupe asubuhi na ugali kwa mchuzi wa mboga jioni humkondesha mzee huku tumbo likiwa limejaa. Anahitaji kama gramu 1 hadi 1.2 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani gramu 50 hadi 60 kwa mtu wa kilo 50. Zinapatikana kijijini: kikombe cha maharage yaliyopikwa hutoa kama 15, dagaa wakavu gramu 30 karibu 18, yai moja 6, glasi ya maziwa 8, na sahani za ugali wa siku nzima hukamilisha. Asiye na meno asagiwe dagaa waliokaangwa bila mafuta, vijiko viwili vya chakula vichanganywe kwenye uji pamoja na karanga zilizosagwa. Mwenye ugonjwa wa figo afuate kipimo cha daktari wake.

Pimeni uzito kila mwezi kwa mizani ileile ya zahanati. Akipungua zaidi ya kilo 3 ndani ya miezi mitatu bila kukusudia, asingoje: kuna ugonjwa, huzuni, meno mabovu, au kuna anayekula chakula chake.

*Presha na kisukari* vipimwe siku ya kundi. Presha ikirudia kuwa 140 kwa 90 au zaidi, apelekwe. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, kisichojazwa kilima. Dawa za presha haziachwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Kwa mzee asiye na uwezo, fuatilieni kitambulisho cha msamaha wa matibabu kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mwende nacho kituoni mara ya kwanza ili dirisha la wazee litumike kweli.

Hatua ya 8: Mpumzisheni mlezi

Si kila anayemfokea mzee ni mkatili. Mke wa mtoto anayemgeuza mkwe wake usiku, anafua shuka kila asubuhi, analima na hana wa kumpokea, siku moja atainua mkono. Huyu hahitaji polisi kwanza. Anahitaji mtu wa kumpokea walau nusu siku kila wiki, kwa ratiba iliyoandikwa. Mfundisheni kumgeuza mzee kwa kutumia shuka lililokunjwa chini yake badala ya kumvuta mkono, na mshonee kitambaa kinene cha kuzuia mkojo usifike kwenye godoro. Mzee akiwa amesahau sana, aelezwe mlezi kwamba kuuliza swali moja mara ishirini ni ugonjwa wa ubongo, si ukaidi. Watoto wengine wa familia waitwe kwenye kikao, kila mmoja aseme atatoa nini na lini, na iandikwe. "Tutasaidiana" haijawahi kununua sabuni.

Mlezi akipewa nafasi hizi na bado anapiga au anaficha, hapo hatua ifuatayo inamhusu.

Hatua ya 9: Mkikuta ukatili umekwisha kufanyika

Msimkabili mtuhumiwa ndani ya nyumba hiyo. Ninyi mtaondoka, mzee atabaki naye.

Tofautisheni hatari ya sasa na jambo la kushughulikiwa kwa siku kadhaa. Kupigwa, kubakwa, kufungiwa, kutishiwa kuuawa au kunyimwa dawa na maji ni hatari ya sasa: piga 112, au fika kituo cha polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo huwapokea na wazee. Chukueni PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Lakini anayevuja damu au aliyepoteza fahamu atibiwe kwanza, fomu ifuate. Aliyebakwa afike hospitalini ndani ya saa 72 ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na mapema zaidi ni bora. Asioge, nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mifuko ya plastiki huozesha ushahidi. Bibi wa miaka 80 hubakwa pia. Hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono humpatia tiba, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja.

Wizi wa hela, matusi, kutelekezwa: muulizeni mzee anataka nini. Mwenye akili timamu ana haki ya kuamua, hata uamuzi ambao ninyi msingeufanya. Mpeni muda, mletee msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa, endeleeni kumtembelea mara nyingi zaidi. Mgogoro wa ardhi uende Baraza la Ardhi la Kijiji kwa usuluhishi. Jinai isisuluhishwe. Kikao cha ukoo kinachomtoza mpigaji mbuzi mmoja na kumrudisha mzee mikononi mwake kimefanya bei ya kipigo ijulikane.

Andikeni maneno ya mzee kama alivyoyasema, tarehe, saa, nani alikuwepo. Msiyasafishe.

Ukaguzi wa kila miezi mitatu

Katibu aje kikaoni na mambo manne: ziara zilizopangwa na zilizofanyika, wazee ambao hawakuonwa peke yao hata mara moja katika kipindi hicho, waliopungua uzito, na mashauri yaliyofika polisi au ustawi wa jamii na yamefikia wapi. Jambo la pili lisomwe lote: nyumba ambako hamjawahi kuachwa na mzee ndizo ziende juu ya ratiba ya mwezi unaofuata, na safari hii aende mtendaji pamoja na mganga wa zahanati. Orodha ya alama ifanywe upya kila Oktoba, kuelekea msimu wa kulima, kwa sababu mgogoro wa shamba uliolala kiangazi huamka mvua za kwanza zinaponyesha.